Dada, usipake rangi hicho kibao: habari za “centre” na “center”

Msimamishe huyo fundi kwanza. Unasema kibao cha chuo chako cha ushonaji hapo Mbale kinapakwa rangi kesho, na cheti chako kinasema “Centre”, lakini utaandika “Center” kwa sababu umeambiwa “center” ni mahali pa shughuli na “centre” ni nukta ya katikati. 

Mwaka 2019 nilikuwa na kijiduka cha uchapaji Nasser Road, Kampala. Mteja akaleta kazi ya chuo cha udereva: vitabu 80 vya risiti na kibao cha bati. Karatasi yake ilisema “Centre”. Kompyuta yangu ilikuwa imewekwa Kiingereza cha Marekani, ikapiga mstari mwekundu chini ya neno. Nikamuuliza jirani mmoja wa kuvaa tai hata Jumamosi, aliyejiita mhariri. Akanipa uongo uleule uliopewa wewe, tena kwa sauti ya mwalimu mkuu. Nikabonyeza badilisha zote, nikajiona msamaria mwema.

Mteja alikuja na muhuri wake. Hakusema neno. Akaugonga kwenye risiti ya kwanza, chini ya jina nililochapa, akanigeuzia kitabu. Muhuri: CENTRE. Risiti: CENTER. Shilingi 1,400,000 zikawa karatasi za kufungia karanga. Ukinunua karanga Kampala ukakuta risiti ya udereva, nisalimie. Kibao nilikirekebisha kwa brashi mwenyewe, na jua la jioni likikipiga, chini ya ile E ya mwisho R bado inachungulia.

Na bwana tai? Eti “lugha hubadilika.” Tai yake ndiyo haikuwahi kubadilika.

Hakuna maneno mawili pale, mabwana na mabibi. Neno ni moja, tahajia mbili: Mwingereza huandika “centre”, Mmarekani “center”, ambayo kamusi ya Noah Webster ya 1828 ilisaidia kuieneza. Kwa jengo ni neno hilohilo, kwa katikati ya duara ni hilohilo. Uongo ule unatuingia kirahisi kwa sababu sisi tuna kituo na tuna katikati, basi tunadhani Mwingereza naye lazima agawe. Uganda tunafuata Uingereza, ndiyo maana zahanati zetu ni “Health Centre III” na si vinginevyo.

Lakini usianze sasa kusahihisha watu. Jina halisahihishwi! World Trade Center ya New York ni “Center” hata ukiiandika ukiwa Masaka. Africa CDC ya Addis Ababa, taasisi ya Afrika ya kudhibiti magonjwa, jina lake kamili lina “Centres”, CDC ya Marekani lina “Centers”, na kila mmoja analala usingizi wake.

Toa cheti chako cha usajili, kiweke mezani, msome na fundi herufi moja moja, kidole juu ya herufi, kabla hajafungua kopo la rangi. Kama simu yake haipatikani, panda boda sasa hivi.