Uvimbe wa Shingoni: Vidole Kabla ya Kalamu

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya utabibu, mgonjwa akiwaambia kwamba ana tezi, msiandike dawa yoyote kabla ya kumpapasa, kwa sababu kwa neno hilo mmoja humaanisha goita, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi iliyo mbele ya shingo, na mwingine humaanisha mitoki, yaani tezi za limfu zilizovimba. Mpeni maji anywe funda moja huku mkiitazama shingo: goita hupanda na kushuka anapomeza, mitoki haipandi.

Kisha simameni nyuma yake, mwinamisheni kichwa kidogo ili misuli ilegee, na mpapase pande zote mbili kwa ncha za vidole, kuanzia chini ya taya, nyuma ya masikio na kisogoni, hadi kwenye shimo lililo juu ya mtulinga. Nawasihi msilisahau shimo hilo, kwani tezi inayopapasika pale, hata ikiwa ndogo, inaweza kuwa dalili ya saratani ya kifuani au ya tumboni.

Mtoto mwenye mitoki kisogoni mvueni kofia. Mara nyingi mtakuta mapunye. Uvimbe ukiwa chini ya taya, tazameni meno na koo.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia msichana mmoja antibiotiki mara tatu. Tezi zake hazikumuuma, zilikuwa zimeshikamana, naye hakuwa akikohoa, jambo lililonipotosha. Aliporudi mara ya nne uvimbe ulikuwa umelainika katikati, nikaupasua, na kidonda kikatoa usaha kwa miezi, kwa kuwa kilikuwa kifua kikuu cha tezi. Nilipaswa kuvuta majimaji kwa sindano, kuyapeleka kwenye kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta vimelea vya kifua kikuu, na kumshauri apime VVU. Dawa za miezi 6 zilimponya, lakini kovu lile analo hadi leo.

Anayeanza dawa hizo aelezwe mapema kwamba tezi zinaweza kuvimba zaidi katikati ya matibabu bila dawa kuwa zimeshindwa, la sivyo ataziacha. Wala msimpe mtu prednisoloni ya kushusha uvimbe kabla ya kipande cha tezi kuchunguzwa, maana huweza kuificha limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu.

Andikeni kwenye kadi upande wa uvimbe, ukubwa wake kwa sentimita na tarehe ya kurudi baada ya wiki 2. Akirudi nao vilevile au umekua, achukuliwe sampuli, asiongezewe antibiotiki.