Mzigo umefika salama, hasara imetoka wapi? Maswali ya wasafirishaji

Wengi mlioandika safari hii mnaogopa maharamia na dhoruba. Sawa, zipo. Ila kampuni ndogo nyingi ninazozifahamu ziliumizwa na karatasi iliyosainiwa haraka.

Nina kampuni ndogo ya uwakala wa forodha Dar es Salaam. Mteja mpya wa Lubumbashi anataka mzigo wake upite kwa dhamana yangu. Kuna ubaya gani? (Temeke)

Ubaya upo, ndugu yangu, na unaweza kuzidi mara nyingi ada utakayolipwa. Mzigo wa transiti, yaani unaopita tu kwenda nchi nyingine, haulipiwi ushuru hapa kwa sababu kuna mtu ameahidi kwamba utavuka mpaka. Mtu huyo ni wewe. Ukishushwa usiku njiani na kuuzwa humu nchini, forodha hawatahangaika kumsaka mteja wa Lubumbashi. Watakuja kwako na hesabu ya kodi yote, kana kwamba bidhaa ziliagizwa kuuzwa Kariakoo.

Kuna na balaa la kimyakimya zaidi: lori limevuka Tunduma kweli, lakini kutoka kwake hakujathibitishwa kwenye mfumo. Dhamana inabaki wazi. Na kwa kuwa dhamana yako ina kiwango chake cha juu, zikikaa wazi nyingi huwezi kupokea kazi mpya hata ikija mlangoni. Kwa hiyo kijana wako asifunge faili dereva akipiga simu "bosi, nimevuka". Lifungwe siku dhamana inapofutwa. Huyo mteja mpya aanze na kontena moja. Akinuna, mwache aende.

Mwenye meli anatudai tuchangie hasara, wakati kontena la mteja wetu halina hata mkwaruzo. Huu si utapeli? (Mombasa)

Si utapeli, ingawa wateja wote hudhani hivyo wakiusikia mara ya kwanza. Ni kanuni ya bahari ya miaka mingi sana: nahodha akilazimika kutupa shehena baharini au kuingia gharama zisizo za kawaida ili kuokoa meli na vyote vilivyomo, wote waliookolewa huchangia kulingana na thamani ya walichokuwa nacho. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama siku sita katika Mfereji wa Suez. Mwenye meli akatangaza utaratibu huo, na wenye mizigo mizima wakatakiwa kuweka dhamana kabla ya kukabidhiwa. Meli yenyewe ilizuiliwa Misri hadi Julai.

Mwenye bima ya mzigo hasumbuki sana, kampuni ya bima humsainia dhamana. Asiye na bima huweka fedha taslimu, au kontena linabaki. Hata daraja C la bima ya baharini, ambalo ndilo la bei ya chini, hulipa mchango huu; wizi ndio halilipi, na hapo ndipo wengi hushtuka. Mwambie mteja haya kwa maandishi kabla meli haijang'oa nanga. Vinginevyo lawama zote zitakuangukia wewe.

Mizigo yetu inatoka Guangzhou, haipiti Bahari ya Shamu. Mbona nauli ilipanda Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli huko? (Ilala)

Kwa sababu meli ni zilezile. Tangu Desemba 2023 kampuni kubwa za meli zilianza kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika, na safari ya Asia na Ulaya ikarefuka kwa takriban wiki mbili. Meli zikafungwa njiani muda mrefu, nafasi zikaadimika kila mahali. Bei unayompa mteja iwe na tarehe ya mwisho. Kuahidi nauli ya mwaka mzima ni kucheza kamari.

Je, kampuni ya malori nayo ihofu wadukuzi? (Morogoro)

Ndiyo. Juni 2017 kirusi cha kompyuta cha NotPetya kiliilaza Maersk, kampuni kubwa ya meli, na hasara ilifika kati ya dola milioni 200 na 300. Nakala moja muhimu ya mfumo wao ilipona kwenye ofisi ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na kompyuta ilikuwa imezimika kirusi kilipoenea! Kwako wewe mtego ni mdogo: barua pepe inayosema "tumebadili akaunti ya benki". Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyo kwenye barua.

Mteja hajarudisha kontena tupu. Gharama za kuchelewa ni za nani? (Kurasini)

Kama jina lililo kwenye fomu ya kampuni ya meli ni lako, watakudai wewe, na bili huongezeka kila siku. Chukua amana ya mteja kabla kontena halijatoka getini, na umrudishie akileta risiti ya yadi.