Ukivuna Chikichi, Shamba Limebaki na Nini?

Kila mkungu wa chikichi unaovunwa unaondoka na potasiamu, kirutubisho ambacho mchikichi unakitaka kwa wingi kuliko vingine vyote. Mafuta yenyewe karibu hayachukui chochote cha udongo, maana ni kaboni, haidrojeni na oksijeni, vitu vinavyotokana na hewa na maji. Rutuba imebaki kwenye makapi. Ndiyo maana anayeniuliza anunue mbolea gani, mimi humuuliza kwanza mikungu mitupu, yaani iliyokwisha kupukuchuliwa chikichi, anaipeleka wapi.

Wengi huichoma. Majivu yana potasiamu, sawa, lakini naitrojeni imepotea na mboji haipo tena. Wengine huirundika karibu na kinu, mvua ikaosha potasiamu yote ikazama mahali pamoja, na ndani ya rundo linalooza mbawakawa waitwao chonga wakazaliana na kurudi kutoboa michikichi. Mimi huitandaza mapema, tabaka moja tu, katikati ya mistari. Makuti yaliyopogolewa nayo hulala humo humo, yakikinga mteremko. Funua chini yake baada ya miezi kadhaa: utakuta mizizi myembamba imejaa, na udongo una unyevu hata wakati wa kiangazi. Nalipenda sana eneo hilo la shamba.

Mbolea ya dukani bado inahitajika, ila tazama majani kwanza. Madoa ya rangi ya chungwa kwenye makuti ya zamani huashiria upungufu wa potasiamu. Kwa magnesiamu, inua jani lililogeuka njano: sehemu iliyofunikwa na jani jingine utaikuta bado kijani. Dalili hii watu huichanganya na ile ya potasiamu, wakaongeza potasiamu, na magnesiamu ikazidi kukosekana kwa sababu viwili hivyo hushindana kwenye mizizi. Upungufu wa boroni ni tofauti, kwani huonekana kwenye majani machanga, ncha zikijikunja kama ndoano. Na mche ukipauka wote kwenye maji yaliyotuama, chimba mfereji kabla ya kununua naitrojeni.

Tawanya mbolea kwa upana, usiimwage shinani. Yurea, mbolea ya naitrojeni, iwekwe udongo ukiwa na unyevu, kwani juu ya udongo mkavu sehemu yake hugeuka gesi. Lakini mvua kubwa ikinukia, subiri.

Tafadhali usiihukumu mbolea kwa mavuno ya mwaka huu. Ua la mchikichi huamua kuwa la kike au la kiume takribani miaka 2 kabla ya mkungu kuiva, na mti uliodhoofika hutoa maua mengi ya kiume, yasiyozaa mkungu. Nimeona watu wakiacha kuweka mbolea mwaka wa kwanza kwa kukata tamaa, kisha njaa ya mti ikaonekana baadaye walipokwisha sahau.

Ukiweza kupima majani maabara, kata vijani vya katikati ya kuti la 17, ukianza kuhesabu kutoka kuti changa lililokwisha kukunjuka. Rudia msimu uleule kila mwaka, ndipo utaweza kulinganisha majibu.