Kila njia inafika Sake

Mama, jambo. Niko Lubumbashi, Kamalondo. Rafiki yangu na mimi tunabishana juu ya The Walking Dead, ule mchezo wa video wa kampuni ya Telltale wa 2012. Katika sehemu ya kwanza unaokoa mmoja kati ya watu wawili. Sehemu ya tatu, yule uliyemwokoa anauawa vilevile, awe nani. Rafiki anasema tulichezewa akili. Wewe unaonaje?

Kaka, kufa afe. Mchezo una sehemu 5, na hadi hapo mmeshatembea na mtu mliyemchagua wenyewe, mmesikia anavyosema na anavyoogopa. Mwenzake asingesema hivyo. Hilo mlilipata, na kifo hakikulifuta. Mimi kinachoniudhi ni ile ilani ya pembeni ya skrini inayosema fulani atalikumbuka hili. Ukiiandika, akumbuke kweli! Deni lisilodaiwa mara 3, mara ya 4 hakuna anayeliogopa.

Mama, jambo. Niko Goma, Majengo. Tangu Desemba ninaandika mchezo wa kusoma na kuchagua, kwa Twine, programu ya kuandikia hadithi za namna hiyo, kwenye kompyuta ya mjomba. Unahusu familia moja inayokimbilia mji wa Sake Mei 2021, siku tulipoambiwa tuhame kwa sababu ya volkano ya Nyiragongo. Msomaji anachagua: amngoje baba au atangulie, abebe godoro au cherehani, apande pikipiki au aende kwa miguu. Nilimpa mdogo wangu auchezee kwenye simu. Alicheza mara 3, akanirudishia simu: "Yaya, hata nikichagua nini nafika Sake tu. Unaniuliza ya nini?" Sasa silali. Niandike mwisho mwingine kwa kila chaguo?

Usiandike, binti yangu. Lala kwanza.

Nakukataza kwa sababu nimeshapita huko. Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa wa mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa hapa Bukavu, na niliapa kwamba kila chaguo litakuwa na njia yake hadi mwisho. Njia panda ya kwanza, kurasa 2. Ya pili, 4. Halafu 8, 16, 32. Nilipofika njia panda ya tano nilikuwa na kurasa 63, pamoja na ule wa kuanzia, kwenye madaftari matatu, na mume wangu anauliza kama leo tutakula. Msomaji akicheza mara moja anaona kurasa 6. Zile 57 nilikuwa nimemwandikia nani? Na kama ningeendelea hadi njia panda 10, ningedaiwa miisho 1024. Mama wa sambaza bado amesimama palepale, samaki hawajauzwa.

Sasa tuje kwako. Asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021 serikali iliagiza mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame, na Majengo ilikuwamo. Wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine wakapanda mashua kuja huku kwetu, na umati ukashika barabara ya magharibi, kilomita zipatazo 25, hadi Sake. Familia yako ya mchezoni ilishika hiyo. Basi kufika Sake ndivyo siku ile ilivyokuwa. Ukiwapa wachezaji njia ya ujanja ya kuikwepa, waliokuwepo watacheka.

Mdogo wako halalamikii Sake. Alibeba godoro kutwa nzima kichwani, na usiku hakuna aliyelilalia.

Fungua ukurasa wako wa usiku wa kwanza uusome kwa jicho lake. Naweka dau umeandika kitu kama "mnalala kwa shida", kwa wote. Aliyebeba godoro alale na watoto wawili juu yake, kisha aje mama asiyemjua na mtoto mchanga, asimame tu bila kusema neno. Hapo una chaguo jingine, na limezaliwa na lile la asubuhi. Aliyebeba cherehani alale sakafuni na mgongo umuume, lakini siku ya tatu mtu amletee sketi iliyochanika na pesa kidogo mkononi. Sake ni ileile. Ukurasa wa kuondoka Sake nao uwe mmoja, andika mara moja tu. Ila usiku haufanani.

Kwa Twine si kazi kubwa. Msomaji akigusa godoro, unaweka akiba neno lenye alama ya dola mbele, $godoro, na ukurasa wa Sake unaliuliza kabla ya kuandika sentensi. (Mimi nilikaa miezi sijui hilo. Ndiyo maana ya madaftari matatu.)

Mwaka ule ule nilipokea hapa Nguba jirani wawili waliokuja na mashua moja. Mmoja alikuja na cherehani akasahau diploma za watoto. Mwenzake alikuja na mfuko wa karatasi tu: diploma zote, vyeti vyote, hana hata sufuria. Walishuka bandari moja, wakala bukari, yaani ugali, sahani moja. Hadi leo hawaelewani nani alifanya vizuri, na ukikaa nao jioni utajua kwamba ule uamuzi wa dakika mbili bado unaendelea.

Pikipiki na miguu, nitakuwa mkali. Kama pande zote mbili zinaishia "unafika umechoka", ama ulifute chaguo hilo ama ulitoze gharama. Pikipiki ile kule kwa barabara iliyojaa watu ilikula pesa. Pesa hiyo ikosekane Sake, mtoto anapotaka maji.

Usije lakini ukafuta kila pambo. Ukinipa nichague rangi ya kitenge cha yule dada, au jina la mbuzi, hakuna kitakachobadilika nami sitakudai. Nitakuwa nimeshamfanya wangu. Weka hayo mwanzoni, kabla ya hofu. Ukiniuliza rangi ya kitenge wakati ardhi inatetemeka nitafunga simu.

Limebaki moja, nalo ndilo linalonisumbua: baba. Unanipa nimngoje au nitangulie, lakini hujaniambia ameenda wapi, wala simu yake inaita au imezimwa, wala majirani wangapi wameshaondoka. Mchezaji asiyejua anahatarisha nini anarusha shilingi tu, na ukimwadhibu hapo utakuwa umemwonea. Nipe hata mlio mmoja wa simu.

Ukimaliza, toa lile faili moja la mchezo ambalo Twine inalitengeneza unitumie. Linafunguka kwenye simu hata bila intaneti, nami nitamngoja huyo baba. Alikuwa wapi?