Kupima VVU kwa GP wako Uingereza: omba kipimo kwa jina lake

Watu wengi wa kwetu wanaoishi Uingereza wanaamini walishapimwa VVU. Ukiwauliza lini, wanajibu: "Si nilitolewa damu kwa GP mwaka juzi?" Damu ilitolewa kweli kwa GP, yaani daktari wa kawaida wa mtaani uliyejiandikisha kwake. Ikapimwa sukari, figo, ini, mafuta, wingi wa damu, pengine na vitamini D. Kipimo cha VVU hakikuwemo, kwa sababu hakuna aliyekiomba.

Maabara hupima kile tu kilichoandikwa kwenye ombi la daktari. Hakuna kifurushi cha "vipimo vyote". Kwa hiyo kama VVU havikutajwa kwa jina mbele yako, hesabu kwamba hukupimwa. Zipo sehemu ambako kipimo hiki huja chenyewe. Mama mjamzito anapoanza kliniki huombwa kupima VVU, kaswende na homa ya ini B kwa pamoja. Na tangu Aprili 2022, idara za dharura za hospitali za London, Brighton, Manchester na Blackpool zilianza kupima VVU kwa mtu mzima yeyote anayetolewa damu, isipokuwa akikataa. Baadaye miji mingine ikaongezwa. Lakini idara ya dharura inaweza kuwa na shughuli nyingi kipimo kikasahaulika, kwa hiyo usijipe uhakika kwa kukumbuka tu kwamba ulilala hospitali. Na mume asijihesabu amepimwa kwa sababu mkewe alipimwa akiwa na mimba. Wapo wanandoa ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana kwa miaka mingi. Majibu ya mke ni ya mke.

GP ni mlango mzuri kwa watu wengi. Ni bure, hulazimiki kujieleza sana, na unaweza kuunganisha na vipimo vingine siku hiyohiyo. Kama bado hujajiandikisha, fahamu kwamba kituo cha GP England hakiruhusiwi kukukataa eti huna pasipoti, huna barua ya anuani au huna kibali cha kuishi. Mapokezi wengi huomba karatasi hizo kwa mazoea. Ukiambiwa huwezi kusajiliwa bila hizo, omba kwa upole waandike sababu ya kukukataa, au umuone meneja wa kituo. Mara nyingi jambo huishia hapo.

Ukipiga simu kuomba miadi, aliyepokea atakuuliza tatizo ni nini. Huna haja ya kutaja VVU pale dirishani watu wakisikia. Sema unataka kipimo cha damu na ungependa kuzungumza na muuguzi au daktari faraghani. Kama kituo kinatumia fomu ya mtandaoni, andika wazi humo kwamba unaomba kipimo cha VVU. Mara nyingi ombi hutumwa moja kwa moja na wewe unaitwa tu kwenda kutolewa damu.

Lugha isikuzuie. Mkalimani ni haki yako na hulipii. Jamii ya Waswahili katika miji mingi ni ndogo, na hofu ya watu ni kwamba mkalimani atakuwa mtu wanayekutana naye msibani au harusini. Omba mkalimani wa simu, na mwambie daktari asimtajie jina lako. Usimtumie mtoto wako, hata kama Kiingereza chake ni kizuri kuliko chako, na usimtumie shemeji.

Ndani ya chumba mambo ni mafupi kuliko watu wanavyodhani. Ile nasaha ndefu ya kabla ya kupima tuliyoizoea nyumbani, huku haipo tena kwa kawaida. Utaulizwa kama unakubali, basi. Mambo matatu yanafaa uyaseme mwenyewe hata usipoulizwa: tarehe ya mwisho uliyokuwa kwenye hatari, kama umetumia PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari) au PrEP (za kujikinga kabla yake) miezi ya karibuni, na kama una mimba. Omba pia homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, hasa kama ulizaliwa au ulikulia Afrika Mashariki, maana homa ya ini B ni ya kawaida kwetu na humkaa mtu miaka bila dalili yoyote. Kabla ya kuondoka angalia karatasi ya ombi, au muulize muuguzi akusomee kwenye skrini: tafuta herufi tatu, HIV. Zisipokuwepo, kipimo hakipo. Na kwenye lebo za chupa za damu hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa ni vyako. Majina yetu yenye sehemu tatu au nne huchanganywa mara kwa mara, na maabara ikikuta jina la kwenye chupa halilingani na la kwenye ombi, damu hutupwa na wewe hurudishwa mwanzo.

Akikuambia "huhitaji, huna hatari," usiondoke. Jibu lako liwe fupi: nimetoka nchi ambako VVU viko vingi, na ninaomba kupimwa. Hilo linatosha kabisa. Tena ziko hali ambazo daktari ndiye alipaswa kukuambia upime: mkanda wa jeshi kwa mtu ambaye bado si mzee, utando mweupe mdomoni, nimonia inayorudi, kifua kikuu, kuhara kusikokwisha, kupungua uzito bila sababu, chembe sahani za damu kushuka. Kuna watu wamezungushwa kati ya wataalamu wa tumbo, ngozi na mapafu kwa muda mrefu, na kipimo cha VVU kikaombwa mwisho kabisa. Inauma, kwa sababu kipimo chenyewe kingechukua kijiko kimoja tu cha damu.

Sasa kipindi dirisha, yaani muda kati ya kuambukizwa na kipimo kuweza kuonyesha, ambapo makosa ni mengi. Damu inayotolewa mkononi kwa GP hupimwa maabara kwa kipimo cha kizazi cha nne, kinachotafuta vitu viwili kwa pamoja: kingamwili ambazo mwili umetengeneza, na p24, ambayo ni protini ya kirusi chenyewe. Kwa kuwa p24 huonekana kabla ya kingamwili, kipimo hiki humnasa mtu mapema, na wengi walioambukizwa huonekana ifikapo wiki ya nne. Lakini jibu la "hakuna" huhesabiwa la mwisho siku 45 zikipita tangu tukio. Vile vipimo vya haraka vya kuchoma kidole, vinavyotoa jibu papo hapo, husubiri siku 90. Ukipima siku ya kumi ukakuta huna, umepata habari za hali yako ya kabla ya tukio lile, si za tukio lenyewe. Hata hivyo pima tu, kisha rudia muda ukitimia. Aliyetumia PEP anahesabu siku 45 kuanzia siku aliyomaliza dozi, si siku ya tukio, kwa kuwa dawa zinaweza kuchelewesha dalili za maambukizi kwenye damu.

Na kama tukio limetokea ndani ya saa 72, usimsubiri GP hata kidogo. GP kwa kawaida hana PEP. Nenda kliniki ya magonjwa ya zinaa, au kama ni usiku au wikiendi nenda idara ya dharura ya hospitali, siku hiyohiyo. Dawa hunywewa siku 28, na kila saa unayochelewa inapunguza nguvu yake.

Majibu huchukua siku chache, pengine wiki moja au mbili. Uliza kabisa yatakujaje, maana vituo vingi hukaa kimya jibu likiwa zuri, na kimya hichohicho ndicho utakachokipata damu ikipotea. Wiki mbili zikipita, piga simu. Kuna jambo la simu pia: majibu ya vipimo siku hizi huonekana kwenye programu ya simu ya NHS, huduma ya afya ya umma. Kama mtu mwingine nyumbani anajua namba yako ya siri, ibadilishe kabla ya kupima, au mwombe daktari afiche ingizo hilo lisionekane mtandaoni. Wana uwezo wa kufanya hivyo.

Kuhusu nani atajua. Hofu ya uhamiaji naielewa, kwa sababu ndugu zetu walioko Oman na Emirates hupimwa VVU ili kupata ukaazi, na jibu likiwa baya hurudishwa. Uingereza haina sharti hilo. Kinachodaiwa kwa Mtanzania au Mkenya anayeomba viza ya zaidi ya miezi 6 ni kipimo cha kifua kikuu. GP hapeleki majibu yako Home Office, wizara inayoshughulikia uhamiaji, wala kwa mwajiri. Makampuni ya bima ya maisha nayo, tangu 1994, yamekubaliana kutouliza kama umewahi kupima ukakuta huna. Kuwa na VVU wanaweza kuuliza.

Ila jibu litaandikwa kwenye faili lako la GP. Kama una ndugu au jirani anayefanya kazi kituoni hapo na moyo hautulii, nenda kliniki ya magonjwa ya zinaa katika mji wowote. Huhitaji barua, kumbukumbu zao ziko kando, na hawamwandikii GP bila ridhaa yako. Njia nyingine ni kifurushi cha posta, ambacho maeneo mengi England hukitoa bure: unachoma kidole mwenyewe na kutuma damu. Kinachowashinda watu hapa ni wingi wa damu. Mikono ikiwa baridi, damu haitoki. Kunywa maji, loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu, simama wima mkono ukining'inia chini, kisha choma ubavuni mwa ncha ya kidole cha pete, si katikati. Futa tone la kwanza. Matone yaache yadondoke yenyewe hadi mstari ulioandikwa kwenye kichupa, ukikanda kiganja kuelekea kidoleni. Usikamue ncha ya kidole: chembe za damu hupasuka na maabara hushindwa kusoma. Funika, kisha kipindue kichupa taratibu mara kadhaa ili damu isigande.

Jibu likionyesha kuna kitu, bado si hukumu. Maabara hurudia kwa vipimo vya aina nyingine, na kisha hutolewa damu mpya ili kuondoa uwezekano wa kuchanganya chupa. Kuna watu wachache ambao kipimo cha kwanza hudanganya, hasa cha kidole. Ikithibitika, GP atakupeleka kliniki ya VVU, na unatakiwa kuonwa ndani ya wiki mbili, mara nyingi mapema zaidi. Huko hupimwa CD4, yaani idadi ya chembe za kinga ya mwili, na wingi wa virusi, na dawa huanza bila kusubiri CD4 ishuke. CD4 ikiwa chini ya 200 utaongezewa Septrin kwa muda. Matibabu ya VVU England ni bure kwa kila mtu tangu Oktoba 2012, awe na kibali au hana. Anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye damu hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Utafiti wa PARTNER uliwafuatilia wapenzi waliofanya ngono bila kondomu, mmoja akiwa na virusi vilivyofubazwa, na haukukuta maambukizi hata moja kati yao.

Kundi moja hupima na halipaswi kupima: wale ambao tayari wako kwenye ARV tangu Dar, Mombasa au Kampala, na wanaona aibu kumwambia GP mpya. Wengine hujaribu kupima tena kwa siri baada ya maombi, wakitumaini virusi vimekwisha. Virusi kutoonekana kwa sababu ya dawa si kupona, na ukiacha dawa virusi hurudi. Peleka kadi yako ya kliniki na kopo la dawa kama lilivyo; hawakuanzishi upya, wanaendeleza. Na GP anahitaji kujua kwa usalama wako. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu huzuia dolutegravir, moja ya ARV, isifyonzwe, kwa hiyo dolutegravir inywewe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Ukiwa kwenye ARV zenye ritonavir au cobicistat, sindano ya steroidi kwenye goti au dawa ya fluticasone ya kupuliza puani inaweza kujaa mwilini na kukuletea madhara makubwa. Daktari asiyejua unatumia nini hawezi kukukinga.

Mama akikutwa na VVU, watoto wake wote wapimwe, hata yule wa miaka 15 anayecheza mpira na hajawahi kuugua. Mtoto aliyezaliwa na virusi anaweza kukua hadi ujana bila dalili. Wazazi huahirisha kwa kuogopa maswali ya mtoto, lakini mtoto mdogo anaweza kuambiwa tu kwamba anatolewa damu kuangalia afya yake, na timu ya kliniki ya watoto itasaidia kupanga lini na vipi aambiwe zaidi. Kwa aliyepita miezi 18 kipimo ni kilekile cha mtu mzima. Chini ya hapo kingamwili za mama bado zinaweza kuwemo kwenye damu ya mtoto, kwa hiyo hutafutwa virusi vyenyewe kwa kipimo cha PCR.