Nimwandikeje baba aliyekuwa daktari wa watu wengi?

SWALI: Ndugu Mhariri, baba yetu, aliyekuwa daktari kwa muda mrefu na kupendwa mno na wagonjwa wake, amefariki dunia, na ndugu zangu wamenikabidhi kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa siku ya kumbukumbu yake. Waliotibiwa naye wananiletea visa vingi vya wema wake, nami sijui nichukue vipi na niache vipi. Tena sisi watoto na mama yetu tulimkosa nyumbani jioni nyingi, ingawa upendo wake hatukuutilia shaka. Je, hilo nalo lisemwe? — Binti wa Daktari

JIBU: Pokea pole zetu za dhati, wewe, mama na ndugu zako wote.

Tarehe, shule alizosoma na vituo alivyofanyia kazi vimalize katika aya moja fupi, kwani vinahitajika lakini sivyo vilivyowafanya watu wampende. Nafasi iliyobaki ijaze matendo uliyoyaona kwa macho yako. Ukiandika kwamba alikuwa mpole na mwenye huruma, umesema linalosemwa karibu kwa kila daktari aliyefariki. Lakini kama alikuwa na mazoea ya kukifumbata kiganjani kichwa cha stetoskopu kabla ya kukiweka kifuani mwa mtoto, ili ubaridi wa chuma usimshtue, liandike hilo, na upole wake utaonekana bila kutajwa.

Kuhusu visa vya wagonjwa, nakusihi uwe mwangalifu sana. Kiapo kinachonasibishwa na Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, kilimkataza tabibu kutoa nje yale anayoyaona na kuyasikia katika kazi yake, na Tamko la Geneva, yaani ahadi ya madaktari iliyopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1948, liliongezewa mwaka 1968 maneno yanayomtaka daktari azitunze siri alizoaminiwa hata baada ya mgonjwa kufariki. Wewe hukula kiapo, lakini unamsemea mtu aliyeishi kwa masharti hayo. Basi chukua kisa ambacho mgonjwa mwenyewe amekusimulia na kuridhia kisomwe hadharani. Kuficha jina pekee hakutoshi, maana mbele ya watu wanaofahamiana, ugonjwa na mwaka vinaweza kumtambulisha mtu. Na ukikuta mafaili ya wagonjwa katika vitu vyake, usiyapekue kutafuta habari. Yarejesheni alikofanyia kazi.

Naam, kutokuwepo kwake nyumbani kusemwe, kwa upole na bila kulaumu. Wasifu usio na upungufu wowote hauwashawishi waliomjua marehemu. Tamko hilohilo, liliporekebishwa mwaka 2017, ndipo lilipoongezewa ahadi ya daktari kutunza afya na ustawi wake mwenyewe ili aweze kutoa huduma bora. Kwa maoni yangu jambo hilo lilichelewa mno, na madaktari wengi wa rika la baba yako walijitoa kwa wagonjwa pasipo mtu wa kuwaambia wapumzike. Eleza basi alivyokuwa katika zile jioni alizowahi kurudi: aliketi wapi, aliwauliza nini, nani alimlalia mapajani. Hapo ndipo wasikilizaji watakapomwona baba, si daktari peke yake.

Mama yako naye mpe nafasi yake waziwazi, kwa kuwa ndiye aliyeshika nyumba wakati mumewe akihudumia watu wengine. Kabla ya siku yenyewe, msomee rasimu nzima mkiwa wawili, na lolote atakaloomba liondolewe, liondoe bila kumuuliza sababu.