Nguo Nyeusi: Inasema Nini, Inunuliwe Vipi, Isipauke Vipi

Ukitaka nguo nyeusi, chagua kitambaa kwanza. Weusi huficha mshono uliopinda, lakini kitambaa dhaifu hauwezi kukificha: poliesta nyepesi huanza kung'aa viwikoni na makalioni baada ya kupigwa pasi mara chache, na pamba ya bei rahisi hugeuka kijivu. Ulikusudia heshima, watu wanaona uchovu.

Wengi hudhani nyeusi ni rangi ya msiba tangu enzi za mababu. Buganda, nchini Uganda, haikuwa hivyo. Vazi la msiba ni lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba chenye rangi ya udongo mwekundu, ambacho wanawake hujifunga kiunoni juu ya gomesi, gauni refu la kitamaduni la huko. Lubugo lililotiwa weusi au weupe lilikuwa la wafalme na machifu, na ufundi huu wa magome umo katika orodha ya UNESCO ya turathi za binadamu tangu mwaka 2008. Nyeusi ya msibani tumeipokea zaidi kutoka Ulaya. Malkia Victoria wa Uingereza aliivaa tangu alipofiwa na mumewe mwaka 1861 hadi alipokufa mwenyewe mwaka 1901. Kwa hiyo ukienda kuzika kijijini, gomesi ya rangi tulivu na lubugo vinatosha kabisa. Kwenye ibada ya mazishi Kampala, gauni jeusi linakubalika, mradi lisimeremete na lipite magoti. Lesi nyeusi inayoonyesha mabega hapo itazungumziwa kuliko marehemu.

Kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa msichana, mambo ni tofauti. Wanawake huvaa gomesi za rangi zinazochangamka, na mgeni aliyejifunika nyeusi tupu huonekana amekuja na yake moyoni. Mwanamume anaweza kuvaa koti jeusi juu ya kanzu bila wasiwasi wa maana. Wasiwasi wake uwe rangi. Koti linalochuja, likikutana na jasho la muda wa saa nne chini ya hema, litatia doa kwenye kola na mikono ya kanzu, na doa hilo ni gumu kutoka.

Ofisini nyeusi ina uzito wa mamlaka, kwa sehemu kwa sababu ya joho la wakili mahakamani. Lakini jihadhari na suti nyeusi ya kitambaa chepesi pamoja na shati jeupe na tai nyeusi. Ukisimama karibu na meza ya vyakula utaagizwa soda. Badili shati liwe la samawati hafifu, au vua tai.

Kwa ebaya (baibui), tafuta kitambaa cha nida au krepu isiyong'aa, inayoanguka vizuri bila kushika mwili. Upana una faida nyingine: nguo nyeusi hunyonya joto la jua, ila ikiwa pana, hewa hupita kati yake na ngozi na kuliondoa joto hilo. Nyeusi ya kubana mchana wa Januari ni adhabu ya kujitakia.

Nyeusi kama mtindo wa kila siku ina umri mdogo. Gauni jepesi jeusi la mbunifu wa mitindo Mfaransa, Coco Chanel, lilichorwa katika jarida la Vogue la Marekani mwaka 1926, na kilicholivusha hadi leo ni mkato wake. Ndiyo maana pesa ya fundi cherehani, akubanie mabega na kiuno, ina faida kuliko pesa ya mapambo.

Na ukienda Murchison Falls kutazama wanyama, nyeusi ibaki nyumbani. Mbung'o huvutwa na nyeusi na buluu; mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo.

Sasa ununuzi. Ukiwa soko la Owino, Kampala, kwenye mivumba (mitumba), usiamini taa ya kibanda. Toka na nguo juani. Kuna nyeusi yenye ukijani, yenye wekundu na yenye ubuluu, na koti la aina moja juu ya suruali ya aina nyingine huonekana kama suti iliyopoteza mwenzake. Ukilazimika kuchanganya, changanya vitambaa vinavyotofautiana waziwazi, mfano denimu na sufu, ili tofauti ionekane ya makusudi. Kisha geuza pindo la ndani ulinganishe na nje: ndani ikiwa nyeusi zaidi kwa mbali, nguo imeshapauka. Kagua kwapa na kola. Mwisho, lowesha kitambaa cheupe usugue mshono wa ndani mara kumi. Kikitoka cheusi, nguo inachuja.

Vumbi jekundu la boda boda ndilo adui wa kwanza nyumbani. Likung'ute kwa brashi nguo ikiwa kavu. Ukilifuta kwa kitambaa kibichi unalipaka tope ndani ya nyuzi. Fua kwa maji baridi, nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa sabuni ya maji. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha nguo nyeupe, na hizo huifanya nyeusi ionekane ya kijivu. Jik, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, isikaribie kabisa: doa lake kwenye nyeusi ni la rangi ya chungwa na halirudi. Anika kivulini. Piga pasi upande wa ndani, au weka kitambaa chembamba chenye unyevu juu yake, hasa kwa pasi ya mkaa ambayo moto wake huwezi kuupima.

Iliyopauka unaweza kuitia rangi upya ikiwa ni pamba. Pima nguo kavu: nusu kilo huhitaji sufuria ya lita 10 hivi ili igeuke kwa uhuru, na chumvi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti ya rangi. Iloweshe kwanza, maana nguo kavu hunywa rangi kwa mabaka. Koroga bila kupumzika, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe. Poliesta haishiki rangi hii, na hapo ndipo wengi hushangaa: shati la pamba linatoka jeusi tii huku nyuzi za mshono, ambazo ni poliesta, zimebaki na rangi ya zamani. Zikiwa za kijivu hazionekani sana. Zikiwa nyeupe, mpe fundi azifumue zile za kola na mfuko, ashone upya kwa uzi mweusi.